Jibu: Je, Guelph Storm ndiyo Toronto Marlboros ya zamani?

Ndiyo, ni leseni ileile ya ligi ya vijana ya hoki ya barafu ya Ontario, Kanada, ila ilipitia kituo kimoja katikati. Mwaka 1989 timu ilihama Toronto kwenda mji wa Hamilton ikaitwa Dukes of Hamilton, kisha 1991 ikahamia Guelph. Ukiruka Hamilton, takwimu za misimu miwili zinakupotea.

Kombe la Memorial, la ubingwa wa hoki ya vijana Kanada, Marlboros walilitwaa mara 7: 1929, 1955, 1956, 1964, 1967, 1973 na 1975. Fainali ya 1973 waliichapa timu ya Quebec Remparts 9-1, mchezaji wao Mark Howe akiwa uwanjani. Kikosi kitamu mno kile!

Angalia usichanganye na Toronto Marlies ya sasa. Hiyo ni timu ya wakubwa, iliyochukua jina hilo mwaka 2005.