Kabla hujamchonga mdudu, jua kwanza anakula nini

Mie nachonga lino (zile shiti laini za kuchongea picha, unapaka wino unachapa kwenye karatasi) na kuchapa hapahapa nyumbani Mji wa Kale, mimea na wadudu sanasana, na kila wiki kuna dada ananiuliza inboksi aanzie wapi. Habari za patasi na wino nishazisema mpaka nimechoka. Leo nawapa kosa langu.

Picha yangu ya kwanza ya kuuza ilikuwa kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano, nimemtoa Google, nikamuweka juu ya waridi manake waridi linauzika ama vipi. Nikaitundika barazani ikauke. Bi mkubwa wa nyumba ya pili akapita, akaiangalia weee, alafu akasema, "Mwanangu, huyu mbona umempeleka kwa jirani? Huyu ni wa mndimu wangu."

Nikaenda uani kwake kwa ubishi tu. Kwenye jani nikaona kitu nikadhani mavi ya ndege, kumbe ndo kiwavi wake akiwa mdogo! Akikua anageuka kijani, na ukimgusa anachomoza vipembe viwili vyekunduvyekundu vyenye harufu kali, mkono nilirudisha mbio. Jani lenyewe la ndimu pia lina kijibawa kwenye kikonyo, miaka yote natia ndimu kwenye chakula sijawahi kukiona.

Baadae ndo nikasoma habari za Maria Sibylla Merian, Mjerumani aliyezaliwa 1647, mwaka 1699 akiwa na miaka 52 aliuza picha zake apate nauli akaenda Suriname na bintiye kutazama wadudu, na wadudu wengi akawachora na mimea wanayokula, kiwavi mpaka kipepeo kwenye ukurasa mmoja. Zikachongwa kwenye shaba, zikachapwa 1705. Na zama hizo wengi waliamini wadudu wanazaliwa na matope, jamani.

Kwa hivyo chukua kigoda ukakae na mti, asubuhi kadhaa, simu iache ndani. Kuchapa kwenyewe si kazi, mgongo wa mwiko wa mbao unatosha, ila kumbuka picha inageuka kulia kushoto (mie nilichonga kanga na jina lake, likatoka kinyumenyume, nikalia), na wakati wa masika wino wa mafuta haukauki upesi, usiwe na pupa.

Nikachonga upya, safari hii juu ya mndimu, na nakala ya kwanza nilimpa Bi mkubwa, kaitundika jikoni. Ila kanambia kiwavi nimempa miguu mingi.