Barua kwa mwanangu: mjomba wako na Lukaya

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, kisha baba yako akausoma kwa sauti, akacheka alipofika pale ulipoandika "usikasirike mama". Sijakasirika. Umesoma huko mtandaoni kwamba usiku wa tarehe 10 Machi 1979, pale Lukaya, Uganda, kwenye vita vya Kagera, Brigedi ya 201 ya jeshi letu ilitawanyika Walibya waliokuja kumsaidia Amin walipoanza kuporomosha makombora, na kwamba brigedi ile karibu yote ilikuwa mgambo. Mjomba wako alikuwa mgambo, na alifia hapohapo. Sasa unauliza kama naye alikimbia.

Ngoja kwanza nikwambie alivyoondoka hapa Newala.

Ilikuwa Novemba 1978, msimu wa korosho, mabibo yananuka kila kona. Mwalimu alikuwa ameshasema redioni kuhusu Amin, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, na wanaume wakawa wanayarudia hayo kwenye uraka, pombe ya mabibo, kana kwamba wameyatunga wao. Mafunzo ya mjomba wako yalikuwa bunduki ya mbao, mguu pande, mguu sawa, kwenye uwanja wa shule, na sisi watoto nyuma yake na vijiti vyetu. Majina yalipotoka, lake likawamo.

Bibi yako hakulia. Usiku alimfungia mkeka, unga wa muhogo na korosho alizobangua mwenyewe, akamwambia: kabla hakujapambazuka shuka bondeni, uvuke Ruvuma. Ndugu zetu wako kule, Mreno keshaondoka, nani atakufuata hadi Mueda, Msumbiji? Na kwa miguu ile nani angemkamata! Huyu alikuwa akishuka Shimo la Mungu, lile genge letu la Newala, kuchota maji, anapanda na debe limejaa, wenzake bado wamekaa njiani wanahema.

Basi akaukalia ule mkeka, akafungua korosho, akazila. Zote! Bibi yako anamtazama tu. Alipomaliza akasema, "Mama, nikijificha mimi, ataandikwa wa jirani." Akalala.

Asubuhi lori likaja. Bibi yako alikuwa uani anabangua korosho nyingine, moshi umemjaa usoni, na lori lilipopiga honi akazidi kugonga. Hakutoka kumuaga. Mimi ndiye niliyekimbia nyuma ya lori mpaka kwenye kona. Wewe unauliza ya Lukaya. Mimi linaloniuma ni lile la uani.

Haya, Lukaya. Mtu hapimwi kwa usiku mmoja, hilo umelisikia kwangu tangu mdogo, na baba yako amechoka kulisikia. Yule alikuwa mkulima wa muhogo. Miezi minne nyuma yuko chini ya mkorosho anaokota, leo yuko kwenye barabara iliyozungukwa na matope, giza, na roketi zinavuma juu ya kichwa. Mimi ningekimbia, tena mapema. Ila hapana, nisijidanganye: kama alikimbia, kuna aliyeachwa nyuma, na huyo naye alikuwa na mama yake. Lakini mbona hukuandika ya kesho yake? Brigedi ileile ilikusanywa, ikarudi kuwakabili kwa mbele, ya 208 ikawapiga ubavuni, na Lukaya ikachukuliwa tena. Waliotawanyika usiku ndio hao waliorudi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ikaanguka, watu hapa wakacheza ngoma. Taarifa ya kifo cha mjomba wako ilitufikia baada ya ngoma hizo. Bibi yako alikuwa amecheza.

Ulikuwa hujazaliwa, ndiyo maana unaweza kuuliza kama mtu anayeuliza bei. Sisi wa huku mjomba ndiye mwenye mtoto. Wewe jandoni ulipelekwa na mjomba wa kuazima, mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini wa kuazima. Na kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, wanapoweka mkuki na ngao pale makaburi ya Naliendele, Mtwara, majirani huniambia pole, kumbe wale wa Naliendele ni waliofia Msumbiji. Wetu yuko makaburi ya Kaboya, kule Muleba, Kagera, mwisho mwingine kabisa wa nchi.

Unataka niseme ndiyo au siyo. Ninalo la kusema, na ulimi unaniwasha, lakini sisemi, maana nitakalosema litakuwa la dada.

Kitangari kuna mzee aliyekuwa naye kikosi kimoja, akarudi. Miaka yote hii tunakutana kwenye misiba, tunaulizana mvua na bei ya korosho, basi. Ukija likizo nenda wewe. Mpelekee sukari, anza na salamu ndefu, na ukae upande wake wa kulia, sikio la kushoto halisikii. Ukirudi, usiniambie mpaka nikuulize.

Mama yako