Kiwanja ulinunua 2015, muuzaji anakukana leo: je, umechelewa?

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Ulinunua kiwanja 2015 kwa maandishi, ukalipa nusu mbele ya mashahidi, nusu ya pili ukampa mkononi. Sasa anasema hukumaliza na kiwanja kamuuzia mtu mwingine. Yamenikuta mambo ya jinsi hiyo Chanika, Dar es Salaam, kwa hiyo nakujibu kwa uchungu wa niliyepita humo.

Mimi nilinunua 2008 kwa milioni tatu. Mbili nilizitoa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Moja nilimpelekea mzee aliyeniuzia nyumbani kwake, noti za elfu kumi, akazihesabu mara mbili kibarazani, akazikunja kwenye ncha ya kikoi chake. Risiti sikuomba, niliona aibu kumdai karatasi mtu mzima aliyenikaribisha chai. Nikalima mihogo miaka mitano. Mzee akafariki, na mwaka 2014 mwanawe akang'oa mihogo yangu, akasema baba yake alidai milioni moja hadi anaingia kaburini.

Nikawa nazungushwa. Mara tumalize arobaini, mara mirathi, mara subiri dada yetu aje kutoka Mwanza. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu mazungumzo ya kusuluhishana hayasimamishi muda wa kufungua shauri. Muda unahesabika huku mkinywa chai.

Sheria ya Ukomo ya Tanzania, Sura ya 89, inayoweka mwisho wa muda wa kufungua shauri, ina vipindi viwili vinavyokuhusu. Madai yanayotokana na mkataba ni miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa. Madai ya kurudishiwa ardhi ni miaka 12. Nilipofungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mwaka 2016, wakili wao alileta pingamizi la awali, yaani la kutaka shauri lifutwe kabla ya kusikilizwa: huu ni mkataba wa 2008, miaka 6 imepita, shauri litupwe. Na angeweza kushinda, kwa sababu aliyeniandikia madai mara ya kwanza alijaza maneno ya mkataba tu. Kilichoniokoa ni ile mihogo. Nilikuwa ndani ya ardhi, nikaondolewa 2014, na mtu aliyekuwa anaitumia ardhi akatolewa, miaka 12 yake inaanza siku aliyotolewa.

Kwa hiyo swali la kwanza kwako si "nina mkataba?" Ni "niliwahi kuingia pale?" Kama hukuwahi kukanyaga na unachotaka ni akukabidhi au akurudishie pesa, hesabu ya miaka 6 inakukaba vibaya. Lakini kama alikuficha kwa ulaghai, muda huanza pale ulipogundua, au ulipopaswa kugundua kama ungekuwa makini. Pia kama aliwahi kukuandikia na kusaini, kabla muda haujaisha, kwamba anakiri haki yako, siku ile hesabu inaanza upya. Pekua karatasi zote, hata kile kijibarua alichokuandikia akiomba umvumilie.

Upande wa ushahidi, anayedai ndiye anayethibitisha. Mkataba wangu ulikuwa umechanika kwenye mkunjo, na wenzetu wakapinga usipokelewe kwa sababu haukulipiwa ushuru wa stempu, ile kodi ya serikali kwenye hati za mikataba. Ilibidi nikalipe ushuru na faini, shauri likaahirishwa. Lipia wako leo kabla hujaenda popote.

Ile milioni moja ilithibitishwa na fundi aliyekuwa anachimba choo cha mzee siku ile, akaeleza jinsi noti zilivyokunjwa kwenye kikoi, pamoja na karatasi ya benki ya kutoa pesa asubuhi hiyohiyo. Wewe tafuta muamala wa simu, ujumbe mfupi, yeyote aliyekuwepo. Usiifute simu hiyo, wala usiibadilishe.

Mipaka nayo ilitutesa. Mkataba ulisema "kuanzia kwenye mwembe, hatua 25", na mwembe ulikuwa umekatwa. Baraza lilipokuja kuona eneo, jirani mmoja, bibi mzee, alifukua kwa jembe nyuma ya ukuta mpya, kisiki kikaonekana, bado kina utomvu mweusi pembeni. Mwenyekiti wa baraza akapima hatua kuanzia hapo kwa miguu yake mwenyewe.

Tangu mabadiliko ya 2021, mgogoro wa ardhi huanzia Baraza la Kata kwa usuluhishi. Wakishindwa wanakupa cheti, na zikipita siku 30 bila suluhu unaweza kuendelea Wilayani. Ukishindwa huko, rufaa Mahakama Kuu ni ndani ya siku 45, kwa hiyo omba nakala za hukumu siku ileile inaposomwa.

Niandikie hapa mambo mawili: uliwahi kulima au kuweka chochote pale, na ni lini hasa ulijua kiwanja kimeuzwa tena? Usitaje jina la muuzaji.