Nimepangiwa Misri, na mimi ni mtoto wa Ziwa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu hapa Mwanza. Klabu yetu inaandaa baraza la kuigiza la Umoja wa Mataifa kuhusu maji ya Nile, nami nimepangiwa Misri. Babu yangu ni mvuvi. Nitateteaje nchi isiyotaka tuyaguse maji ya ziwa letu? Nimemwomba mlezi anibadilishie, amekataa.
Mjukuu wa mvuvi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hata mimi ningekataa kukubadilishia.

Chukua ramani, funika Nile kwa kidole, uangalie Misri inayobaki: jangwa. Mvua ya Cairo ya mwaka mzima, Mwanza inaweza kunyesha kwa siku moja. Hofu hiyo ndiyo utakayoitetea. Ukishaielewa, mkataba wa Misri na Sudan wa 1959, ulioipa Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka na Sudan bilioni 18.5, hutausoma kama uroho mtupu.

Ila usiutegemee huo peke yake. Mwenye kibao cha Tanzania atakukumbusha kwamba mwaka 1962 Tanganyika ilitangaza kuwa haifungwi na mkataba wa 1929, uliotaka ridhaa ya Misri kabla ya kujengwa chochote cha kupunguza maji ya Nile na maziwa yake, nao Waingereza waliufanya na Misri kwa niaba yetu. Wa Ethiopia atauliza: maji mengi yanayofika Aswan, kwenye bwawa kuu la Misri, yanatoka kwetu, mbona 1959 hatukuitwa? Tafuta majibu ya hayo mawili kabla hujaandika hotuba. Na ukisimama, sema “ujumbe wa Misri”, si “mimi naona”.

Kazi yenyewe hufanyika wakati wa chai. Nawakumbuka wanafunzi wangu wawili, Misri na Uganda, wamekaa kwenye ngazi za bwalo, andazi mkononi, rasimu ya azimio magotini. Walibishania neno moja: nchi iliyo juu ya mto, kabla ya kujenga bwawa, “itaijulisha” nchi iliyo chini yake au “itaiomba ridhaa”? Kengele ikalia, hawakunyanyuka. Mwishowe wakaandika “itashauriana nayo”. Aliyekuwa Misri alikuwa binti wa Bukoba. Nilifurahi mno siku ile, maana hata wakubwa walikwama papo hapo: makubaliano ya nchi za Nile yaliyofunguliwa kutiwa sahihi Entebbe, Uganda, mwaka 2010, Misri na Sudan walikataa kuyatia sahihi kwa sababu ya maneno ya kifungu cha usalama wa maji.

Hotuba ikiwa tayari, kamsomee babu. Akianza kukubishia usimkatize. Andika kila anachosema. Hizo ndizo hoja utakazokutana nazo ukumbini.