Usiwafungulie kikao na mwaka 2100

Futa hizo slaidi za mwanzo. Zote. Unasema umepewa dakika 15 mbele ya kamati ya bajeti ya afya kueleza madhara ya mabadiliko ya tabianchi kwa afya, na utaanza na mstari mwekundu wa joto la dunia unaopanda hadi 2100, kisha makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya vifo 250,000 vya nyongeza kila mwaka kati ya 2030 na 2050 kutokana na mabadiliko hayo. Mimi nilianza hivyo hivyo, na roho inaniuma kukuona ukielekea shimo lile lile.

Mbele ya kamati yetu nilieleza yatakayoleta vifo hivyo: utapiamlo, malaria, kuhara, joto kali. Hakuna nilichokosea. Walinisikiliza vizuri, wengine wakaandika. Kisha mwenyekiti akauliza: "Sasa unataka tuidhinishe nini leo?"

Sikuwa na jibu! Nikababaika kitu kuhusu "hatua za haraka". Akaandika "imepokelewa", akaita ajenda inayofuata. Bajeti ikapita bila hata senti moja ya tahadhari ya joto. Msimu uliofuata joto likapiga, wodi zikajaa wazee, na hapakuwa na mtu aliyepangiwa kuwatembelea mapema majumbani mwao. Hilo bado linaninyima usingizi.

Aliyetuponza ni mshauri tuliyemlipa atufundishe mawasiliano. Alisisitiza: waonyesheni picha nzima, wakishaogopa watachukua hatua wenyewe. Uongo mtupu. Mtu ukimtisha bila kumpa cha kutia saini, anatafuta pa kukimbilia, na ajenda inayofuata iko pale pale inamsubiri. Huyo bwana hakuwahi kuketi mbele ya kamati ya bajeti. Angeketi mara moja tu angelijua swali lile. Na mwaka 2100, nani kati ya waliokaa pale atakuwa bado na kiti?

Sentensi yako ya kwanza iwe ombi: nani afanye nini, kwa fungu lipi, kabla ya tarehe ipi. Ya pili iwe vifo vya joto vya hapo hapo kwao. Usivitafute kwenye vyeti vya vifo, maana mara nyingi vinaandika moyo au figo, joto halitajwi. Chukua wiki za joto kali, linganisha idadi ya vifo na wiki hizo hizo za miaka iliyotangulia. Ziada ndiyo hoja yako. Ahmedabad, India, ziada ya Mei 2010 ilikuwa vifo 1,344 katika mji huo mmoja. Kufikia 2013 walikuwa na mpango: nani atoe tahadhari, joto likifika kiwango gani, wahudumu wa afya wafundishwe nini, maji yapatikane wapi. Mambo ambayo ofisa anaweza kuyatia saini.

Andika hiyo sentensi ya ombi leo, uibandike hapa tuikosoe kabla hujaingia kikaoni.