Friji Inapiga Kelele: Sikiliza Kwanza Kabla ya Kununua Kompresa

SWALI: Friji yetu ya milango miwili, ile aina isiyoganda barafu, inakwaruza kama karatasi iliyonaswa na feni. Usiku hatulali. Nikifungua mlango wa juu kelele inakata papo hapo, nikifunga inarudi. Fundi kasema kompresa imekufa. Nifanyeje? – Mama wa watoto watatu, Raskazone, Tanga

JIBU: Mama, usitoe hela ya kompresa. Jibu umeliandika mwenyewe: kelele inakata ukifungua mlango. Kompresa haizimwi na mlango. Kinachozimwa na swichi ya mlangoni ni feni ndogo iliyo nyuma ya ukuta wa plastiki wa friza, na hapo barafu imeota mpaka inagusa mapanga yake.

Chomoa plagi, hamishia vyakula kwenye deli lenye barafu, acha milango wazi kwa saa 24. Tandika matambara sakafuni, maji yatakuwa mengi. Feni ya mezani ikipuliza ndani itaharakisha. Usichokonoe kwa kisu hata kidogo: bomba la alumini likitoboka gesi yote inatoka, na kama kibandiko cha nyuma kimeandikwa R600a, gesi hiyo inashika moto.

Barafu ikiisha, tafuta tundu la kutolea maji chini ya koili (mabomba ya kupozea nyuma ya ukuta huo wa friza). Sukuma maji ya vuguvugu kwa bomba la sindano mpaka uyasikie yakidondoka kwenye trei ya nyuma. Kisha bana noti mlangoni na uivute, sehemu moja hadi nyingine. Inapotoka bila kukaza, mpira wa mlango haushiki, na hewa ya pwani ilivyo na unyevu, mwanya mdogo tu unatosha kujaza barafu. Osha mpira kwa sabuni. Uliopinda hulainika kwa maji ya moto ukaunyoosha.

Kelele ikirudi baada ya wiki moja au mbili, mfumo wa kuyeyusha barafu ndio mbovu. Mwambie fundi apime hita (isipopitisha umeme kabisa, imekatika) na swichi yake ya joto. Hii swichi ipimwe ikiwa imeganda, kwa sababu ikiwa ya vuguvugu huwa imejikata hata kama ni nzima. Mafundi wengi huikosea hapa.

SWALI: Friji yangu ya mlango mmoja inasema "tak", inavuma sekunde chache, "tak" tena, kimya dakika kadhaa, inarudia. – Msomaji, Ngamiani

JIBU: Ndugu yangu, kompresa inajaribu kuwaka inashindwa, ovalodi (kinga yake) inaikatia umeme isiungue. Izime leo.

Anza na umeme. Pima kwenye soketi wakati inajaribu kuwaka. Volti zikishuka chini ya 190 hivi, lawama ni ya laini au ya ekstensheni nyembamba. Umeme ukiwa sawa, chomoa plagi, toa rilei (kifaa cha kuiwasha kompresa) ubavuni mwa kompresa uitikise sikioni. Ikilia kama ina kokoto ndani, kidonge chake kimevunjika. Nunua inayolingana na kompresa yako.

Rilei ikiwa nzima, pima ukinzani (ohm) kati ya pini tatu za kompresa, mbili mbili. Vipimo viwili vidogo vikijumlishwa vilingane na kile kikubwa, na pini yoyote isipitishe umeme kwenye bodi (gamba la chuma la kompresa). Visipolingana, au bodi ikipitisha, hapo kompresa ndiyo imekufa. Ukishatengeneza, subiri dakika 5 kabla ya kuwasha.