Jibu kwa ndugu aliyeuliza ajifunze nini ili asimpige tena mkewe

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba umempiga mkeo mara mbili ndani ya mwaka mmoja, kwamba mara zote ulilia na kumwomba radhi, na sasa unaomba uelekezwe vitabu au mafunzo ya kudhibiti hasira, tena unauliza kama miezi mitatu itatosha. Nakujibu kama mtu aliyempiga mke wake kwa miaka sita, na ambaye huu ni mwaka wa nane hajamwinulia mkono. Nakuomba usome hadi mwisho, hata pale maneno yatakapokuchoma.

Nilianzia hapo hapo unapotaka kuanzia wewe. Nilijifunza kuhesabu hadi kumi, kuvuta pumzi na kutoka nje, na mbinu hizo nilizishika vizuri. Lakini mimi ni mwalimu, na katika miaka hiyo mkuu wangu wa kazi alinidhalilisha mbele ya wanafunzi zaidi ya mara moja, nami nikainamisha kichwa na kuitikia; hasira ilikuwepo, mkono haukunyanyuka. Ulinyanyuka nyumbani tu, kwa mtu mmoja tu, mlango ukiwa umefungwa, na nilijua kupiga mahali ambapo gauni lingefunika. Mtu ambaye hasira imemfanya asijitambue hachagui mahali pa kupiga. Hata ile mbinu ya kutoka nje niliigeuza silaha: kila mke wangu alipouliza matumizi ya mshahara, nilisema nimepandwa na hasira, nikaondoka, na swali likafia hapo.

Kuhusu pombe uliyoitaja, iache, ila usiisingizie. Nilimpiga pia nikiwa sijaonja tone.

Kilichonibadilisha kilikuwa kikundi cha wanaume tuliokutana kila Jumamosi hapa Mwanza, katika chumba tulichoazimwa na ofisi ya kata. Mwezeshaji wetu alitumia zana za SASA!, mpango ulioandaliwa na shirika la Raising Voices la Kampala, ambao jina lake ni neno letu wenyewe. Mpango huo hauanzi kwa kumwita mtu mkatili. Unaanza kwa kuuliza nani ana nguvu juu ya nani, na anaitumiaje. Katika utafiti uliofanyika Kampala kati ya mwaka 2007 na 2012, maeneo yaliyofikiwa na mpango huo yalionekana kuwa na ukatili wa kimwili wa wenzi pungufu kwa takriban nusu kuliko maeneo ambayo hayakufikiwa. Ukizipata zana hizo usizisome peke yako, kwa sababu mtu akiwa peke yake hujihurumia upesi mno.

Zana ya pili ni gurudumu lililochorwa mwaka 1984 katika mji wa Duluth, jimbo la Minnesota nchini Marekani, kutokana na simulizi za wanawake waliopigwa, si za waume zao. Katikati yake pameandikwa mamlaka na udhibiti. Vipande vyake vinane vinataja mambo kama vitisho, matusi, kumtenga mke na ndugu zake, kukana yaliyotendeka, kuwatumia watoto na kushika fedha. Mapigo yenyewe yako ukingoni, ndiyo yanayoyashikilia hayo mengine. Nilipolitazama mara ya kwanza nilikuwa na miezi mitano bila kupiga, nikijiona nimepona, ilhali kadi ya benki ya mke wangu ilikuwa mfukoni mwangu.

Kutoka huko huko Duluth tulipata utaratibu wa kuandika. Kila juma uliandika tendo moja ulilolifanya ili kumtawala mkeo: ulifanya nini hasa, ulitaka upate nini, uliamini una haki gani, ulilipunguzaje uzito ulipolisimulia, limemwathiri vipi yeye na watoto, na ungeweza kufanya nini badala yake. Sentensi yangu ya kwanza ilisema "tulikwaruzana". Mwezeshaji aliirudisha mara nne, hadi nikaandika "nilimsukuma, akaangukia kabati, mtoto akiona". Daftari hilo bado ninalo. Kama utafuata jambo moja tu katika haya yote, fuata hilo.

Nakuonya pia kuhusu kikao cha familia au ushauri wa wanandoa kuwa hatua ya kwanza. Sisi tulikalishwa mbele ya wazee na mshenga, mke wangu akaulizwa amekosa nini, akajieleza kwa ukweli, na usiku ule nikamwadhibu kwa yale aliyoyasema. Nafahamu kwamba mafunzo ya Bandebereho nchini Rwanda yaliwaita wanaume katika vikao 15, wake zao wakishiriki vinane kati ya hivyo, na kwamba hata baada ya miaka sita ukatili ulikuwa bado pungufu. Lakini hayo yaliandaliwa kwa wazazi wa watoto wadogo kwa jumla, hayakuwa darasa la wapigaji. Mwanzo ni kazi yako peke yako pamoja na wanaume watakaokuhoji. Mkeo akitaka kwenda kwa ndugu zake au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, usimzuie wala usimhoji. Kama uko Tanzania, soma pia kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachotamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inasema vinginevyo. Nilikuwa mwalimu, na sikuwa nimewahi kukisoma.

Miezi mitatu haitoshi. Mpango wa Emerge wa wanaume wanaowapiga wenzi wao, ulioanza Boston, Marekani, mwaka 1977, una vikao 40, na mimi nilihudhuria Jumamosi zangu kwa miaka miwili. Usitegemee pia kwamba wewe ndiye utakayetangaza kuwa umebadilika. Mke wangu aliondoka kwa miezi 14, akarudi kwa masharti yake, na vyeti vyake vya shule bado viko kwa dada yake, alikovipeleka siku aliyoondoka. Sijawahi kumwomba avirudishe.